Moment: jarida ninaloanza kulisoma kwa marabi

Nikipata toleo jipya la Moment, jarida la Wayahudi wa Marekani, siendi kwenye habari ya jalada. Natafuta kwanza ukurasa wa marabi, yaani viongozi wa dini ya Kiyahudi, ndipo nirudi mbele.

Swali huwa moja tu. Chini yake wanajibu marabi kama kumi, kila mmoja na aya zake chache, jina lake, sinagogi lake na mji anakotoka. Yumo ambaye ibada yake haimtaji Mungu kabisa, wamo wa Reform, madhehebu yaliyolegeza sheria za kale, wa Conservative walio katikati, wa Orthodox wanaozishika kikamilifu, mpaka wa Chabad, kundi la Kihasidi ndani ya Orthodox. Mhariri haingii kati kuwapatanisha. Mimi husoma na penseli mkononi: napiga mstari penye andiko la Torati, kisha natafuta nani mwingine amelishika andiko hilohilo na amelivutia wapi. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba ukisema "Wayahudi wanaamini hivi," lazima utaje ni Wayahudi gani.

Jarida hili lilianzishwa Marekani mwaka 1975 na waandishi Elie Wiesel na Leonard Fein. Jina walilichukua kwa Der Moment, gazeti la Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, lililotoka Warsaw, Poland, tangu 1910 hadi vita vilipolizima 1939. Wengi wa wasomaji wa gazeti lile waliuawa na Wanazi. Kila nikiliona jina hilo juu ya jalada, nawakumbuka.

Anayetaka siasa kali ana pa kwenda. Jarida la Commentary, lililoanzishwa 1945 na American Jewish Committee, shirika la Wayahudi wa Marekani, lilihamia mrengo wa kulia miaka mingi iliyopita. Jewish Currents, la 1946, ni la kushoto, na kuhusu Israeli na Palestina halipepesi macho. Nayasoma yote mawili, na Lilith pia, la wanawake, lililoanza 1976. Lakini mgeni wa mambo haya simpi hayo kwanza. Atadhani amesikia nyumba nzima kumbe amesikia chumba kimoja.

Kinachoniuma kwenye Moment ni ufinyu wa nafasi. Rabi anafungua hoja, wewe unasogeza kiti, imekwisha. Aya mbili hazimtoshi mtu kueleza kwa nini anaishika Sabato vile anavyoishika. Nimewahi kutamani wangebaki watano, kila mmoja apewe ukurasa wake. Nikachukua penseli nione nani wa kutolewa, na sikuweza kumkata hata mmoja.