P2, ellaOne au kitanzi? Maoni yangu kwa wadada wa chuo

Hosteli ukisema tu "dharura", yaani kuzuia mimba baada ya ngono bila kinga au kondomu kupasuka, kila mtu anajua unaongelea vidonge vya P2, yaani Postinor-2, na umaarufu wake sio wa bure. Famasi karibu zote zinayo, unaingia, unalipa, unasepa. Shida wauzaji wengi bado wanakwambia meza kimoja sasa kingine baada ya masaa 12, wakati ukimeza vyote viwili kwa pamoja (1.5 mg) inafanya kazi vilevile na huna cha kusahau ukiwa kwenye test. Wanasema mwisho masaa 72 baada ya ngono, ila jamani msiyasubiri, kila unavyochelewa nguvu inapungua maana kazi yake ni kuchelewesha yai kutoka, likishatoka ndo basi tena. Haitoi mimba, wanaosambaza hilo wapumzike. Ukitapika ndani ya masaa 2 rudia dozi. Na kama unatumia rifampicin ya TB, carbamazepine ya kifafa au efavirenz mwambie mfamasia kabla hajakupa, zinaipunguza makali, na mwili mkubwa nao unaipa shida.

ellaOne kwa upande wa vidonge ndo naipa namba moja. Kidonge kimoja cha 30 mg, mpaka masaa 120, na haichoki haraka kama P2. Ila kuipata huku Bongo ni mtihani, na ukishaimeza vidonge vya majira usianze mpaka zipite siku 5, vinagongana.

Sasa kinachonishangaza ni kwamba mshindi wa kweli hatajwi kabisa, kitanzi cha shaba kinachowekwa kwenye mfuko wa uzazi, wengine wanaita lupu. Kikiwekwa ndani ya siku 5 baada ya ngono kinazuia mimba kwa zaidi ya asilimia 99, hakijali kilo zako wala dawa gani unakunywa, kinakulinda hadi miaka 10 na ukitaka mtoto kinatolewa. Vituo vya serikali uzazi wa mpango ni bure! Kasoro zipo, kuwekwa kunauma kiasi, hedhi inaweza kuwa nzito miezi ya mwanzo, na sio kila kituo kina nesi anayejua kuweka. Halafu ile foleni ya kliniki, wamama wanakuangalia wee utadhani umeiba, ila ndo hivyo vumilia.

Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki pima mimba. Na kama kondomu ilipasuka na hali ya mwenzako huijui, hakuna hata kimoja hapo kinachozuia HIV, nenda hospitali ukaombe PEP, dawa za kuzuia maambukizi ya HIV, ndani ya masaa 72, hiyo usiitafute famasi.