Sanrufu inavuja au imevunjika: cha kununua kwanza na cha kukataa ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Tulikuwa tunashuka Kitonga, mama mkwe amekaa kiti cha mbele. Nikakanyaga breki nyuma ya lori la mafuta, na maji yanayojaa kikombe yakamwagika kutoka juu hadi kwenye kitenge chake. Mvua haikuwepo. Ilikuwa imenyesha Mbeya usiku kucha, maji yakalala ndani ya paa yakingoja mteremko. Mama hakusema neno mpaka Ruaha Mbuyuni, ndipo akauliza kwa upole, "Baba, hili gari limeunganishwa na bomba?"

Wiki hiyo hiyo nilinunua kioo cha sanrufu, yaani kile kioo cha paa kinachofunguka. Kioo changu cha zamani kilikuwa kizima kabisa. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na kioo.

Kwanza elewa maji yanapita wapi

Wengi wetu tunadhani mpira unaozunguka sanrufu ndio unaozuia maji yasiingie. Sivyo. Ule mpira unapunguza tu maji na upepo. Kiasi fulani hupita, na kiwandani walilijua hilo tangu mwanzo: chini ya kioo kuna mfereji unaokusanya maji, na kwenye pembe zake kuna mirija, kwa kawaida minne. Miwili ya mbele hushuka ndani ya nguzo za kioo cha mbele na kutokea karibu na bawaba za milango au nyuma ya madigadi. Miwili ya nyuma hutokea nyuma ya bampa au karibu na matairi ya nyuma.

Mirija hiyo ni myembamba, na huku kwetu ina maadui. Ukiegesha Mufindi chini ya mipaini, yale majani membamba kama sindano yanaingia kwenye mfereji na kusukana kama kiota. Kiangazi vumbi linajazia. Mvua ya kwanza ya Novemba inageuza mchanganyiko huo kuwa tope, na tope linageuka kizibo. Kwa anayeishi Tukuyu, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, kizibo kimoja kinatosha kugeuza gari kuwa beseni.

Kwa hiyo pima kabla hujatoa pesa. Fungua sanrufu, mimina maji polepole kwenye pembe moja ya mfereji, kikombe kimoja tu, huku mwenzako akiangalia chini ya gari upande huo. Maji yakitoka chini haraka, mrija uko sawa. Yakisimama, umempata mchawi wako. Rudia pembe zote. Kisha funga sanrufu, mwagia paa maji kwa ndoo bila presha, na mtu akae ndani na tochi.

Mahali palipolowa pia panasema. Kapeti ya mbele ikilowa, anza na mirija ya mbele. Maji yakikutwa kwenye shimo la tairi la spea, angalia ya nyuma. Lakini usiikabidhi sanrufu kesi yote: skrubu za keria, mpira wa antena na gundi ya kioo cha mbele nazo huvujisha, na maji ya kiyoyozi yaliyokosa njia hulowesha miguu ya abiria hata siku ya jua kali.

Namba 1: kuzibua mirija

Hii ndiyo ya kununua kwanza, na mara nyingi ndiyo ya mwisho. Unachohitaji ni uzi wa plastiki wa mashine ya kufyekea nyasi, ule mnene kiasi. Lainisha ncha yake kwa moto wa kibiriti iwe duara isichome, kisha sukuma taratibu kuanzia juu. Waya wa breki ya baiskeli, ambao mafundi wengi wanaupenda, unaweza kutoboa mrija ndani ya nguzo, na hapo umehamisha tatizo mahali usipoliona.

Kuhusu upepo wa kampresa, nina ugomvi nao. Fundi atakuja na bomba lile lile la kujazia matairi ya Fuso, apulize mara moja, maji yashuke, mkashangilia wote. Presha kubwa inaweza kuuchomoa mrija kwenye kiungio chake cha juu, na kuanzia siku hiyo maji yote ya mfereji yanashuka moja kwa moja darini. Mwambie apunguze presha kabisa, au aache. Malizia kwa kukagua mdomo wa mrija kule chini, maana magari mengi yana kimpira chenye mdomo mwembamba ambacho tope hukigandisha. Kibinye kwa vidole mpaka kifunguke.

Kapeti ikishalowa, ing'oe na uikaushe, usiridhike na kuanika juu juu. Sponji ya chini hushika maji kwa wiki nyingi, na kwa baridi ya Njombe au Makete haitakauka yenyewe. Magari kadhaa, hasa ya Ulaya, yana soketi za nyaya au vifaa vya umeme chini ya viti, na maji yakifika huko bili inakuwa ya aina nyingine.

Namba 2: kioo halisi cha mtumba, pamoja na fremu yake

Hapa sasa tunazungumzia kioo kilichovunjika kweli: jiwe lililoruka kutoka kwenye lori barabara ya Tunduma, mvua ya mawe, au parachichi bichi lililoanguka kutoka kwenye mti uliodhani unakupa kivuli. (Rungwe hili si utani.)

Sanrufu nyingi zina kioo kilichopashwa moto mkali kiwandani kisha kikapozwa ghafla. Hicho hakina ufa mdogo wa kuziba. Kikipasuka kinamwagika chote kuwa punje. Pia hakikatwi, kwa hiyo fundi anayekuambia atachukua kioo kikubwa cha gari lingine akipunguze kiingie kwako, muage kwa heshima. Soma maandishi madogo kwenye kona ya kioo: TEMPERED au TOUGHENED ni hicho cha kumwagika. LAMINATED ni tabaka mbili zenye plastiki katikati, kama kioo cha mbele, na baadhi ya mapaa makubwa ya kioo hutumia hicho. Ukiona ufa umetulia pale pale bila kioo kumwagika, kuna uwezekano mkubwa ni cha tabaka mbili, na alama ndogo ya jiwe kwa juu fundi kioo anaweza kuijaza dawa.

Kwa nini naweka mtumba juu ya kipya? Kwa sababu kioo cha gari lililokatwa Japani kilitengenezwa kwa paa hilo hilo, kina mkunjo sahihi, fremu yake na mashimo ya skrubu mahali pake. Forester, X-Trail na Harrier zenye sanrufu ni nyingi barabarani kwetu, kwa hiyo vioo vyake navyo huletwa. Ila jina la gari pekee halitoshi. X-Trail ya toleo la T30 na ya toleo la T31 ni magari mawili tofauti ukifika juu ya paa. Mpe muuzaji namba ya chesi, na akutumie picha ya maandishi ya kwenye kioo, ya kila pembe, na ya upande wa chini wenye fremu.

Kioo kikifika mkononi, pitisha kidole polepole kwenye kingo zote. Kioo cha aina hii kina nguvu katikati na udhaifu pembeni, na kibanzi kidogo cha ukingoni ndicho kitakachokipasua siku ya baridi kali au kwenye tuta. Kisha shika fremu kwa mkono mmoja, kioo kwa mwingine, ujaribu kuvitenganisha kidogo. Gundi ikilia au kioo kikicheza, kirudishe. Kioo kilichoachana na fremu yake kinaweza kuruka ukiwa mwendo wa barabara kuu, na nyuma yako kuna bodaboda.

Sasa safari. Ukizunguka Mwanjelwa na Kabwe, hapa Mbeya mjini, utapata pedi za breki na taa za kila namna, lakini kioo cha paa ni bahati. Wengi huishia kuagiza Kariakoo au Ilala, na kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 kwenye buti la basi. Kisafirishwe kimesimama, kisilazwe. Kizungushiwe sponji au vipande vya godoro, na kingo zipewe boksi juu yake. Lipia kidogo zaidi kijengewe fremu ya mbao. Na mkubaliane kabla, kwa maandishi hata ya simu, nani anabeba hasara kikifika punje.

Kufunga si kazi ngumu kwenye magari mengi: skrubu nne hadi sita za nyota kutoka chini, baada ya kubandua vifuniko vya pembeni. Ugumu uko kwenye kusawazisha. Ukingo wa mbele ukae sawa na paa au chini yake kwa unywele, wa nyuma juu kwa unywele, vinginevyo kuanzia mwendo wa 80 kitapiga mluzi. Chukua ukanda wa karatasi, funga sanrufu juu yake, uuvute. Pande zote karatasi itoke kwa ukinzani ule ule. Sehemu inapoteleza bila kushikwa ndipo maji yatakapopenda.

Namba 3: mpira mpya

Nunua mpira ikiwa wa zamani umekatika, umekuwa mgumu kama plastiki au umelala bapa. Tafuta ule uliotengenezwa kwa gari lako. Mpira wa kuuzwa kwa mita, ambao wengine huuweka kwenye milango ya gari au ya friji, una unene tofauti na unaweza kukifanya kioo kisifunge vizuri, mota ikaanza kuhangaika. Fahamu pia kwamba kwenye baadhi ya vioo mpira umeyeyushwa pamoja na kioo na hautoki peke yake. Hapo rudi namba 2.

Mpira ulio mzima upakwe mafuta ya silikoni mara mbili kwa mwaka. Grisi na mafuta ya mgando vinatokana na mafuta ghafi ya ardhini, vinauvimbisha.

Namba 4: kioo kipya cha kuagiza

Kizuri, hakuna ubishi. Kiko namba 4 kwa sababu ya bei na muda wa kungoja. Kama una bima kubwa, uliza kwanza kama kifungu cha vioo kinajumuisha cha paa, maana baadhi ya mikataba hutaja kioo cha mbele na vya madirisha. Bima ndogo haitakusaidia hapa.

Namba 5: kufunga paa moja kwa moja

Nitachekwa, lakini kwa gari la miaka 20 linalobeba viazi kutoka Uporoto sioni aibu. Karatasi ya alumini iliyokunjwa kufuata paa, ikabandikwa kwa gundi ile ile ya kubandikia kioo cha mbele, inadumu. Kuchomelea bati sikushauri: moto unaunguza rangi na dari, na kutu huanza pale pale kwenye kiungo. Mirija iache wazi hata baada ya kufunga.

Namba 6: plastiki ngumu ya kukata

Ya kusogezea siku mpaka kioo kifike. Inachunika haraka, inatanuka juani na kusinyaa usiku, na kati ya mchana wa Mbeya na asubuhi ya Julai hiyo ni kazi kubwa. Endesha taratibu nayo.

Ambavyo sinunui

Gundi ya silikoni ya kuzungushia kioo kwa nje ndiyo inayouzwa sana, kwa sababu ni ya bei ndogo na fundi anamaliza kabla chai haijapoa. Mirija ikiwa imeziba, maji yatatafuta upenyo mwingine. Na ile yenye harufu ya siki inatoa asidi inapokauka, ambayo inakula bati. Atakayekuja kubadilisha kioo baadaye atakulaumu wewe.

Kioo cha madirisha ya nyumba, kile kinachokatwa dukani kwa vipimo, ni hatari tupu. Hicho hakivunjiki punje, kinavunjika visu, na viko juu ya vichwa vya watoto wako. Nimewahi kukiona kwenye gari moja Uyole. Mwenye gari alikuwa anajivunia jinsi kilivyong'aa.

Kikivunjika ukiwa njiani

Usibonyeze kitufe cha kufungua wala kufunga, punje zitasaga reli na kuua mota. Vuta pazia la ndani lizuie vipande, vaa glavu, okota ulichoweza, kisha funika kwa nailoni nene iliyobandikwa kwenye bati kavu. Utakapobadilisha kioo, fundi anyonye punje zote kwenye mfereji kwa mashine, la sivyo zitashuka kwenye mirija. Na kitufe kikianza kufungua nusu tu, magari mengi yanataka ukibonyeze na kukishikilia mpaka kioo kiende na kurudi, kijifunze upya mwisho wake.

Mimi sasa nazibua mirija kila Oktoba. Kioo nilichonunua bure kimesimama nyuma ya kabati, kimefungwa blanketi, na kila Jumamosi wakati wa kufagia mke wangu huuliza kinaondoka lini.