TAHADHARI: Fundi wa uzio wa plastiki anayezunguka Ilemela

Ndugu zangu wa Mwanza, hasa mnaojenga Buswelu na Nyamhongolo, someni hii kabla hamjatoa hela.

Kuna jamaa anapita kwa pikipiki akiuza uzio wa PVC, ule mweupe wa kuziba ua wa nyuma majirani wasichungulie. Anakuja na kipande cha sampuli kwenye gunia, kizito, kuta nene. Aliniambia nikikanyage. Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote, hakikubonyea. Hapo ndipo nilipolainika. Bei laki na nusu kwa mita, mita 24, jumla 3,600,000. Nikatuma 2,400,000 kwa simu, kwenye namba yenye jina jingine kabisa ("la mke wangu, mama"). Najua, msinichambe.

Mzigo uliokuja haukuwa ule. Ni mbao nyembamba za plastiki, zile zile tunazofunga darini, ukibonyeza kwa kidole gumba zinaingia ndani. PVC ya nje huchanganywa na dawa ya kuhimili jua. Isiyo nayo inageuka njano, inakakamaa, mwisho inapasuka. Nilipolalamika akanijibu eti zikishafungwa zinakazana.

Kubwa zaidi ni mashimo. Huku kwetu ukichimba futi moja tu umekutana na jiwe. Uzio wa mita 1.8 kwenda juu, nguzo zake zinatakiwa ziingie ardhini kama sentimita 60 na kuzungushiwa zege. Vijana wake kila walipofika kwenye mwamba walikata nguzo kwa msumeno, wakazipanga zikalingana kwa juu, huwezi kujua. Mimi nilikuwa Mwaloni, Kirumba, kwenye dagaa wangu.

Wiki ya tatu ikaja mvua ya usiku na upepo wa ziwani. Uzio usio na upenyo unashika upepo kama tanga la mtumbwi. Asubuhi nakuta upande mzima umelala, kuku wangu wako kwenye mchicha wa jirani. Nikang'oa nguzo moja nikaipima: iliyokuwa ardhini ni sentimita 18. Nikaipasua. Juu zege ya kikombe kimoja, chini yake mchanga na vipande vya sandarusi.

Simu alikuwa anapokea mwanzoni: "Niko Geita, Jumatatu nakuja." Jumatatu tatu zimepita, sasa hapatikani. RB, ile namba ya taarifa ya polisi, ninayo. "Risiti" aliyonipa ni karatasi ya daftari iliyogongwa muhuri, siyo ya EFD, ile mashine ya risiti za TRA, na polisi ndilo swali la kwanza waliloniuliza.

Akija kwako, ing'ang'anie sampuli ibaki kwako, uilinganishe na mzigo kabla haujashushwa. Mashimo yapimwe kwa futi kamba wewe ukiwepo, zege isimwagwe hujaona. Na mwamba usiwe kisingizio: fundi mwingine kanionyesha jiwe linatobolewa, nondo inasimamishwa humo kwa saruji, halafu nguzo ya plastiki inavalishwa juu yake. Hela kubwa itoke nguzo zikishasimama.

Juzi mteja wangu wa dagaa anayekaa Malimbe kaniambia kuna fundi kapita kwao na kipande kizuri cheupe kwenye gunia, kamwambia akikanyage.