Fundi aliyeokoa hesabu zangu akabaki na nakala

Naanza na sifa, maana nikianza na hasira sitafika kwenye sifa. Yule kijana wa kompyuta pale Kariakoo ni fundi. Wapo wengi wenye kibao na bisibisi, lakini huyu kazi anaijua. Jina la duka sitaji, ghorofa sitaji, aliyewahi kupanda ngazi zile atajua mwenyewe.

Mimi natunza vitabu vya wafanyabiashara wadogo: saluni, maduka ya dawa, wauza nguo, na mzee mmoja wa vifaa vya ujenzi ambaye ndiye kiini cha hadithi hii bila yeye kutaka. Wananiletea risiti kwenye bahasha za kaki, mimi nawafungia mwezi na kupeleka ritani za kodi. Mwaka jana, mvua za vuli zimeanza na umeme unakatika ovyo, kompyuta ya ofisini ikaanza kujivuta. Faili moja unaisubiri mpaka chai inapoa. Asubuhi moja ikagoma kabisa kuingia Windows, na ndani diski inakwaruza. Ilikuwa wiki ya VAT, na VAT haina mzaha: ritani ya mwezi inatakiwa iwe imefika TRA, mamlaka ya mapato, ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Najua mtakachoniuliza. Bakapu ninayo, iko nyumbani kwenye diski ya nje, na naifanya kila nikifunga mwezi. Ambacho hakikuwemo ni ule mwezi wenyewe uliokuwa haujafungwa, yaani ndicho hasa nilichokuwa nakihitaji.

Fundi wa mtaani kwetu alitaka kuipiga Windows upya. Nikamwambia kuna data. Akasema, "Data si zipo D?" Hazikuwa D, ule upande wa pili wa diski ambao Windows haiugusi. Angeipiga, Windows mpya ingelala juu ya hesabu zangu na hapo hata malaika asingezirudisha. Mwingine akataka kuendesha CHKDSK, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, ambayo kwa diski nzima ni dawa na kwa diski inayokata roho ni kuikimbiza mbio. Huyu wa Kariakoo aliposikia tu ule mkwaruzo alichomoa waya. "Dada, usiiwashe tena. Kila ukiiwasha unaimalizia."

Hapo ndipo niliposema nimefika. Akanieleza, tena kwa upole, kwamba diski inayokufa haifanyiwi kazi yenyewe. Kwanza unainakili nzima, sekta kwa sekta, kwenda kwenye diski nyingine iliyo hai. Sehemu zinazosomeka zinachukuliwa kwanza, zile zilizoharibika zinarudiwa baadaye kwa subira, na ile asili inawekwa pembeni. Faili zinatafutwa kwenye ile nakala. Ukikosea umeharibu nakala tu. Nilimpenda. Niliwapigia simu watu wawili watatu kuwaambia nimepata fundi anayefikiri.

Na alizipata. Karibu zote. Ya saluni ilikuja imekatika katikati, nyingine zikafunguka kama zilivyokuwa. Akaniwekea kwenye diski mpya, akaipiga Windows, ritani nikapeleka kwa wakati. Siku ile ningeulizwa ningempa nyota tano na ya sita ningechora kwa kalamu. Bei ilikuwa kubwa, nikalipa bila kubishana. Nilipoomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, akasema mashine ina tatizo la mtandao, nitaletewa kesho. Mimi, mhasibu, nikakubali kusubiri! Ndivyo nilivyokuwa nimefurahi.

Sasa sikilizeni.

Mwezi na kitu baadaye nikampelekea laptopu ya binti wa dada yangu, kioo kimevunjika. Jamaa akanichangamkia, akaagiza soda. Tukiwa tunapiga soga, mara akasema, anacheka: "Dada, kumbe yule mzee wa vifaa vya ujenzi anadaiwa vile? Mimi siku zote najua tajiri."

Soda ikanikwama kooni.

Nataka mwelewe uzito wa sentensi ile. Mzee huyu anachukua mali kauli kwa wauzaji wa jumla hapo hapo Kariakoo. Saruji, nondo, mabati, anachukua kwa neno lake, anauza, ndipo analipa. Mtaji wake mkubwa kuliko wote ni kwamba watu wanamwamini ana pesa. Daftari la anaowadai na wanaomdai linajulikana na watu wawili duniani, yeye na mimi. Hata wanawe hawalijui. Na sasa linajulikana na kijana anayekula mchana kwa mama lishe mmoja na wale wale wauzaji wa jumla. Neno likitoka pale mezani, siku inayofuata mzee anaambiwa alete taslimu.

Nikamuuliza umejuaje. Akajibu bila hata kupepesa macho: "Si nilikuwa nahakiki kama faili zinafunguka."

Jibu hilo lilinichanganya, kwa sababu nusu yake ni kweli. Kazi ya kurejesha data lazima ihakikiwe. Faili linaweza kuonekana jina lake zima, ukubwa wake sawasawa, ukalifungua ukakuta takataka. Kwa hiyo lazima afungue. Anafungua moja, mbili, anaona herufi zimekaa na namba zimekaa, anafunga. Kwa hilo simlaumu. Lakini kuona kwamba namba zimekaa hakukufanyi ujue nani anadaiwa na kiasi gani. Ili ujue hilo inabidi usome, tena ushuke mpaka mwisho kwenye jumla.

Halafu nikatupa jicho kwenye skrini yake. Excel ilikuwa wazi pale kwenye ukurasa wa mwanzo, ule unaoonyesha faili zilizofunguliwa karibuni. Jina la faili la mzee lilikuwepo, na halikuwa chini kwenye za zamani. Lilikuwa kwenye za wiki ile. Mwezi na kitu baada ya mimi kulipa na kuondoka! Na sikuwa peke yangu. Kulikuwa na orodha ya mishahara ya shule fulani, na kitu kilichoonekana kuwa cha zahanati. Sikusoma zaidi, niliona aibu kana kwamba ni mimi niliyechungulia.

Kumbe nakala yangu nzima, ile aliyoinakili sekta kwa sekta, bado alikuwa nayo. "Naiweka kwa usalama wako, dada. Ukipoteza tena, utanikimbilia nani?" Alisema kwa nia njema, naapa. Nadhani. Mpaka leo sijaamua. Kuna dakika namwona kijana mwema asiyefundishwa mipaka, na kuna dakika namwona mbeya mwenye diski kubwa.

Nikamwambia afute, sasa hivi, mbele yangu. Ndipo ukatoka ujeuri ambao sikuujua. "Nani ana muda wa kuangalia mambo yenu?" Yaani amenisimulia madeni ya mteja wangu dakika chache nyuma, halafu hana muda! Akabonyeza Shift na Delete, akanigeuzia kiti kama mtu aliyemaliza shauri. Na juu ya kichwa chake, ukutani, limebandikwa bango: TUNARUDISHA DATA ZILIZOFUTWA.

Mimi si fundi lakini hilo nalijua, na yeye ndilo linalomlisha. Ukifuta faili hivyo, kompyuta inaondoa tu jina kwenye orodha yake na kusema nafasi ile iko huru. Maneno na namba zinabaki pale pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ni kung'oa namba ya nyumba ukutani na kudai umebomoa nyumba. Mtu anayekula kwa kufufua vilivyofutwa ananiambia mimi niridhike na kufuta! Nilipandisha sauti, ngazi nzima ikasikia, na sijutii.

Kuna amri ndani ya Windows yenyewe inaitwa cipher, ukiipa alama ya w. Inaandika juu ya nafasi yote iliyo huru mara tatu: kwanza sifuri tupu, kisha kinyume chake, kisha namba za kubahatisha. Nikamwambia aiendeshe. Akasema itachukua saa nyingi kwa diski kubwa kama ile. Nikamwambia benchi lipo. Nilikaa. Wateja wakaja wakaondoka, mmoja akaniuliza "Shangazi, unasubiri nini?" nikamweleza, akaichukua laptopu yake aliyokuwa ameshaiacha juu ya kaunta akashuka nayo. Hapo fundi alinichukia rasmi. Jioni akathubutu kuniambia niongeze elfu ishirini za muda wa mashine. Sikumpa. Nilimpa kumi. Sijui kwa nini nilimpa, nilikuwa nimechoka na nina njaa.

Bado lile diski bovu. Nikaliomba, akasema "hilo takataka, dada", na kunionyesha boksi sakafuni limejaa maiti za diski za watu. Takataka? Mwaka 2009 waandishi wa habari waliokuwa wakifuatilia taka za kompyuta nchini Ghana walieleza kwamba walinunua diski kuukuu sokoni Tema kwa dola 40, wakakuta ndani nyaraka za mikataba ya Northrop Grumman, kampuni inayouzia jeshi la Marekani silaha. Kama wao wenye pesa zote zile diski zao ziliishia mezani Tema, ya kwangu ingeishia wapi? Nikachakura boksi mpaka nikaipata, naijua kwa stika ya ofisi.

Kuna watakaosema mafundi wote ndivyo walivyo. Kwa uchungu nakubali kiasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walipeleka kompyuta kwa mafundi 16 kwa kazi ndogo ambayo haikuhitaji kugusa faili za mteja, huku mashine zikirekodi kimyakimya. Matokeo yalitoka 2022: kwa mafundi sita walikuta watu wamechungulia, na wawili kati yao walinakili data kabisa. Huko ni Kanada, kwenye maduka yenye viyoyozi. Kwa hiyo labda namwonea kijana wa watu. Lakini wale wa Kanada angalau hawakumsimulia mteja walichokisoma huku wakimnywesha soda!

Wengine wameniambia niweke BitLocker, ile ya Windows inayoifunga diski nzima isisomeke bila funguo. Nimeweka, na ni nzuri, mwizi akibeba kompyuta habebi hesabu. Lakini haijibu swali langu. Diski ikifa imefungwa, fundi hawezi kunipatia faili bila ile funguo ya tarakimu 48. Nikimpa, amefungua. Nisipompa, nimejifungia nje na mimi. Mwisho wa yote kuna mtu mmoja lazima aone, na sheria, paswedi na programu zote zinaishia mlangoni kwake.

Sheria tunayo, nisisemwe nimeisahau. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo, unaweza kulalamika. Nilifika mpaka kuandaa malalamiko. Nilichogundua nikiandika ni kwamba mzee alinikabidhi mimi daftari lake, hakumkabidhi fundi. Usiri ni mmoja wa misingi mitano ya maadili ya uhasibu, na hakuna mahali palipoandikwa "isipokuwa kompyuta ikiharibika". Mbele ya mzee, wa kujibu ni mimi. Kwa hiyo kabla ya kumshtaki mtu nilimfuata mzee dukani nikamwambia yote. Hakuuliza habari za diski wala sheria. Aliuliza kitu kimoja: "Huyo kijana anakula kwa nani mchana?" Akaenda mwenyewe. Walichozungumza sikuambiwa, ila mali kauli yake bado inaendelea, na mimi bado ni mhasibu wake. Malalamiko yapo kwenye kompyuta, sijayatuma wala sijayafuta.

Kama mnafikiria kwenda kwake, muulizeni kabla hajagusa bisibisi: nakala utakaa nayo mpaka lini, utaifuta kwa njia gani, na diski bovu narudishiwa au hapana. Aandike kwenye ile karatasi ya kupokelea mashine, asaini. Akikataa, shukeni ngazi. Akikubali, kaeni hapo hapo mpaka amalize, chakula cha mama lishe wa chini si kibaya.

Nyota moja, nilitaka kuandika. Halafu nikakumbuka tarehe 20 na wale wengine wawili na CHKDSK yao. Diski ikinifia tena wiki ya VAT najua nitapanda ngazi zile zile, na hilo linaniudhi kuliko yote. Basi nyota mbili. Ya tatu naishikilia mpaka risiti yangu ya EFD ifike, maana ile "kesho" yake bado haijapambazuka.