Isopropili ya 70% ndani ya teksi yangu: uzoefu wangu

Naendesha teksi ya mtandao Dar es Salaam, Toyota IST, na kutwa watu wanapanda na kushuka: mwenye mafua, mtoto anayetapika, mgonjwa anayetoka Muhimbili. Kwa hiyo ndani ya gari nasafisha kwa nia ya kuua vijidudu, si kung'arisha tu. Alkoholi ya isopropili ya 70% naitumia muda mrefu sasa, na ndiyo dawa ninayoiamini kuliko zote nilizojaribu.

Ukienda duka la dawa usikimbilie ile ya 99% ukidhani kali ndiyo bora. Ile hukauka upesi mno kabla haijafanya kazi, na ni maji yaliyomo kwenye ya 70% yanayoisaidia kupenya ndani ya kijidudu.

Kwanza napitisha sabuni laini na maji kidogo, maana dawa ikikuta jasho na vumbi inaishia hapohapo juu ya uchafu. Kisha nalowesha kitambaa cha maikrofaiba, sipulizi moja kwa moja, na kufuta usukani, kichwa cha gia, vitasa vya ndani, swichi za vioo na kifungio cha mkanda. Naacha pabaki na unyevu walau sekunde 30. Dashibodi haijapauka, usukani haunati.

Jiki sitaki hata kuisikia garini. Kuna mahali nilipeleka gari kuoshwa wakaipaka kwenye siti, na mabaka meupe yapo hadi leo. Siti utaivisha kava yaishe. Mkanda je? Jiki hudhoofisha nyuzi zake, na mkanda uliodhoofika unaweza kuonekana mzima kabisa mpaka siku ya ajali. Tafadhalini, mkanda ni sabuni laini na maji tu, uvutwe wote nje, ukauke ndipo urudi.

Kasoro za isopropili zipo. Inashika moto haraka, kwa hiyo fungua milango yote, sigara iwe mbali, na chupa isibaki garini juani. Siti za ngozi ukizisugua kwa nguvu zinatoa rangi. Pitisha kitambaa juujuu tu. Skrini naifuta kwa kitambaa chenye unyevu wa maji, na dawa za vioo zenye amonia siisogezei, zinaharibu utando wake wa juu. Dari nayo usiiloweshe kwa chochote: kitambaa chake kimeshikwa na gundi, ikiachia kinaning'inia.

Kwa siti za kitambaa sioni faida kubwa ya isopropili. Hapo natumia povu la sabuni na brashi laini, nakausha kwa taulo na kuacha milango wazi, kwa sababu sponji ikinywa maji, kwa joto la Dar, gari litanuka uvundo wiki nzima.