Miezi miwili ya kusikiliza sayansi ndani ya matatu: uzoefu wangu

Ninakaa Mwiki, Nairobi, na kazi iko Industrial Area, kwa hiyo kila siku nina saa mbili, siku za mvua hata tatu, za kukaa nikitazama kisogo cha mtu. Ndiyo maana nilijiunga na huduma moja ya sauti: unalipa shilingi 20 kwa siku kwa M-Pesa, na asubuhi unapata kipindi cha dakika kumi hivi kuhusu ugunduzi wa kisayansi, kwa Kiswahili. Jina la huduma naliacha, maana nina malalamiko na sitaki kesi na mtu.

Kipindi kilichoninasa ni cha tembo. Mwaka 2024 watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza milio 469 ya tembo wa Samburu na Amboseli, mingine imerekodiwa tangu 1986. Kompyuta ilitafuta kama ndani ya mlio kuna kitu kinachomlenga tembo fulani. Kisha tembo 17 wakasikilizishwa milio waliyoitiwa wao, na mingine waliyoitiwa wenzao. Tembo akisikia wa kwake, anasogelea spika upesi na kuitika. Nikajikuta nacheka peke yangu, na mama aliyekaa kando yangu akauliza kuna nini. Nikamweleza: tembo huitana kwa majina.

"Sasa hilo ni jambo geni? Mbuzi wangu kule nyumbani nikimwita anakuja."

Sikupata jibu hadi tulipokwama Roasters. Nikamwambia, mama, mbuzi umempa jina wewe. Hawa wanapeana wenyewe. Pomboo nao huitana, lakini huiga mlio wa yule wanayemwita, ni kama mimi nikuite kwa kuiga kikohozi chako. Tembo hawaonekani kuiga. Wanatumia sauti isiyofanana na mwenyewe, kama vile neno Wanjiku lisivyofanana na sauti ya Wanjiku yeyote. Akafikiri kidogo. "Basi hao ni watu," akasema, akashuka Allsops.

Usiku nilitumia bando langu kuchimba zaidi, na hapo ndipo nilipoanza kuitilia shaka huduma yangu. Kompyuta ile ilipatia ni nani anayeitwa katika asilimia 27.5 tu ya milio. Ni zaidi ya kubahatisha, ndiyo, lakini kipindi kilizungumza kana kwamba kuna orodha ya majina ya tembo mahali. Wala watafiti hawakuweza kukitenga kile kipande cha sauti ambacho ndicho jina. Kwangu mimi hilo ndilo lililokuwa tamu zaidi, na walilikata.

La mbu lilinitia aibu kabisa. Kichwa cha kipindi kilisema malaria imepata kiboko. Baba mkwe wangu yuko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, na habari yenyewe ni ya huko huko, basi nikampigia kabla hata sijafika kazini. Akasikiliza kwa heshima, kisha akauliza, "Inauzwa duka gani, mwanangu?"

Hakuna duka. Walichokipata wanasayansi wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, ambao makao yao yako Duduville hapa Kasarani, karibu na njia ninayopita kila siku bila kujua, ni kijidudu cha jamii ya kuvu kinachoishi ndani ya mbu. Kinaitwa Microsporidia MB, na matokeo yalichapishwa 2020. Kinazuia vimelea vya malaria visikue ndani ya mbu huyo, lakini mbu mwenyewe hakimuui, naye hukirithisha kwa watoto wake. Ajabu iko hapo: mbu anabaki mzima ila hafai kubeba malaria. Kukisambaza kwa mbu wengi wa porini ni kazi nyingine. Nilimpigia mzee tena jioni, nikamwomba radhi, nikamwambia aendelee na neti. Akasema hakuwa ameiondoa.

Lingine ni sauti. Msomaji ni mashine, hilo halina siri. Kuna kipindi kizuri sana cha mtoto aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, amelazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa, na kichwa inaelekea kiliwekewa kitu kama mto ambacho kimeoza zamani. Watafiti wakamwita Mtoto. Mashine ikasoma jina hilo "emu-toto" mara tisa. Nilihesabu.

Vipindi vya anga ni vya kawaida, ingawa kile cha chombo cha DART kilichogonga asteroidi ya Dimorphos mwaka 2022 na kufupisha muda wake wa kuizunguka asteroidi mwenzake kwa dakika 32 hivi nilikirudia.

Pesa sasa. Nilituma ujumbe wa kujiondoa Ijumaa, wakanikata hadi Jumatano. Huduma kwa wateja walinijibu kwa ujumbe wa kunishukuru kwa kujiunga. Shilingi mia hiyo sijarudishiwa.

Na bado nimejiunga tena. Saa mbili za jam ni nyingi, na sijapata kwingine ninakosikia mambo haya kwa Kiswahili. Ila nalipia Jumatatu na Alhamisi tu, na mzee wa Mbita simpigii mpaka nimesoma mwenyewe usiku.