Bustani ya shule Dar: maua au mboga?

Shule ikianza kupamba uwanja, kamati hugawanyika: hawa wanataka bogenvilia na ukoka, wale wanataka mboga zipangwe kama maua.

Kwa gharama, mboga zinashinda mapema. Marando ya matembele huombwa kwa jirani, na yakishatambaa hufunika mchanga vizuri tu. Mchaichai hushika kingo za njia. Bamia hutoa maua ya njano yenye kitovu cha zambarau, na choya, kwa mashina yake mekundu, kwangu mimi huipita krotoni yoyote. Mchicha mwekundu huvunwa baada ya wiki 3 au 4. Ila ukishavuna, urembo nao umekwenda jikoni, na tuta linabaki na mapengo.

Maji ndiyo mtihani wenyewe. Bogenvilia iliyokwishashika mizizi hustahimili jua la Januari na Februari, mchicha hausubiri. Na likizo ya Juni au Desemba nani anamwagilia? Mlinzi, kama kuna aliyekumbuka kumlipa.

Usalama: oleanda ina sumu kuanzia jani hadi ua, haifai penye watoto wa chekechea. Mboga nazo zikae mbali na barabara yenye foleni.

Shule ya Kigamboni yenye kisima na chakula cha mchana ina kila sababu ya kupanda mboga. Ya Kariakoo, yenye uwanja finyu na maji ya mgawo, ipandishe bogenvilia ukutani, na mchaichai kidogo karibu na jiko la chai ya walimu.